Shajara ya Kaunta ya Rangi

Jumamosi, 1 Machi 2025

Ramadhani mosi, na wateja wameniandama tangu duka lifunguliwe. Kubwa la leo ni la mama mmoja wa Kihabeshi anayekaa si mbali na stesheni ya Wheaton. Alikuja na kipande cha plasta cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, kakibandua ukutani kwake mwenyewe. Anataka rangi hiyo hiyo, si jirani yake.

Nikakiweka chini ya jicho la mashine. Mashine ikamulika, ikasoma, ikatema fomula: rangi nyeupe ya msingi, humo manjano ya udongo kiasi, nyeusi kidogo na nyekundu chembe. Ndoo ikatikiswa, nikafungua, nikapaka tone moja kwenye kifuniko na kulikausha kwa ile mashine ya nywele tuliyoifunga mnyororo kaunta isije ikaibwa. Lazima ulikaushe. Rangi ya maji ikiwa mbichi ni mwongo. Ikishakauka ndipo inakolea na kusema kweli. Kisha nikaiweka plasta yake kando ya tone langu.

Mimi nikaona zimelingana. Mama akasema yangu ina uwaridi. Nikamwita mwenzangu wa kutoka El Salvador, mtu aliyenitangulia miaka mingi kwenye kaunta hii. Akainama, akatazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili, akasema ina ukijani. Nikaipimisha mashine mara nyingine, nayo ikasema tofauti iliyopo ni ndogo kiasi kwamba jicho halipaswi kuiona.

Jicho la nani? Ndilo swali nililotoka nalo kazini, njaa ikiwa imenikaba.

Jumanne, 4 Machi

Mama amerudi. Anasema pale alipopaka, mchana karibu na dirisha hapaonekani kabisa. Usiku akiwasha taa ya jikoni panajitokeza kama kiraka. Kwa hilo nilikuwa na jibu, maana ni somo la kwanza la kazi hii. Rangi mbili zinaweza kuundwa kwa viungo mbalimbali kabisa na bado zikalingana chini ya mwanga fulani. Badilisha mwanga, ndoa inavunjika. Jicho halihesabu viungo. Lina aina 3 tu za seli za kuonea rangi, na kinachofika kwenye ubongo ni uwiano wa majibu ya hizo tatu. Vitu viwili vikizipa jibu moja, kwa jicho ni rangi moja, basi.

Nimemshauri abadilishe taa ya jikoni, ni nafuu kuliko kupaka ukuta mzima. Amecheka na kuondoka bila kununua kitu.

Usiku nimekumbuka ule ugomvi wa gauni wa Februari 2015. Picha moja ya gauni la kwenda harusini huko Scotland ilizunguka dunia kwa siku mbili; huyu anaapa ni bluu na nyeusi, yule anaapa ni nyeupe na dhahabu. Dada na shemeji walinuniana mpaka siku ya pili. Gauni lenyewe lilikuwa bluu na nyeusi. Bevil Conway, mzaliwa wa Zimbabwe ambaye siku hizi maabara yake iko Taasisi ya Taifa ya Macho hapa Bethesda, aliwauliza watu 1,401 mwaka huohuo pamoja na wenzake: asilimia 57 walisema bluu na nyeusi, 30 nyeupe na dhahabu, 11 bluu na kahawia, waliobaki majibu yao wenyewe.

Maelezo yake nayapenda kwa sababu yanafanana na kazi yangu. Ubongo haupokei rangi tu. Kwanza unakisia ni mwanga gani umekiangukia kitu, halafu unauondoa huo mwanga kwenye hesabu. Picha ile haikusema gauni liko wapi. Aliyekisia kivuli cha mchana, chenye ubluu, aliuondoa ubluu akabaki na nyeupe na dhahabu. Aliyekisia taa ya manjano aliuondoa umanjano akabaki na bluu na nyeusi. Pande zote mbili macho ni mazima. Kwa hiyo dada na shemeji hawakutofautiana juu ya nguo, walitofautiana juu ya taa.

Jumapili, 9 Machi

Leo saa zimesogezwa mbele. Mfungo haukurefuka hata dakika moja, lakini ukiiangalia saa ya ukutani unaona umedhulumiwa.

Nimefuturu kwa dada, Rockville. Uji wa pilipili manga, tambi za sukari, muhogo wa nazi. Katikati ya futari akaileta kesi. Mpwa wangu, miaka 17, anataka kujifunza urubani, na alipokwenda kwa daktari kupimwa ameanguka kwenye mtihani wa rangi. Kumbe tangu tarehe 1 Januari mwaka huu Mamlaka ya Usafiri wa Anga haikubali tena, kwa waombaji wapya, yale makaratasi ya vidoto ya Ishihara yaliyotoka Japani mwaka 1917. Sasa ni kompyuta. Inakuonyesha alama hafifu inayozama kwenye kijivu, na haikupi nafasi ya kubahatisha.

"Kaka, huyu mtoto anaiona sindano ikianguka kwenye zulia," dada akasema. "Atakuwaje na upofu?"

"Mjomba, mimi nyekundu naiona," kijana naye akadakia. "Naiona kabisa. Sijui tu kama ni hiyohiyo mnayoisema nyinyi."

Hapo nikamkumbuka baba. Alikuwa fundi cherehani Ngamiani, Tanga, amekaa baraza moja miaka yake yote. Nyuzi zake zilikuwa kwenye kopo la biskuti, na kila uzi umebandikwa kikaratasi chenye alama ya penseli: mshale, msalaba, duara, samaki. Mama ndiye aliyekuwa akivibandika. Sisi watoto tulidhani ndio utaratibu wa mafundi. Mteja akileta kitambaa cha kijani au cha kahawia, baba humsogezea kopo na kumwambia achague uzi mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye atakayevaa. Mji mzima ukamsifu kwa adabu hiyo. Alizikwa na siri yake, kama ilikuwa siri.

Ukoo unakubali. Jeni za kuonea nyekundu na kijani zimekaa kwenye kromosomu X. Baba humpa bintiye X yake na mwanawe wa kiume humpa Y. Mimi sikurithi kitu kwa baba upande huo. Dada alirithi, hakudhurika kwa sababu ana X ya pili ya kumkinga, akampitishia mwanawe. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini hali hii huwapata wanaume kama 8 katika kila 100 na mwanamke mmoja hivi katika 200. Kwetu Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo, na wengi wao hawajawahi kupimwa hata siku moja.

Sikumwambia dada mezani mbele ya mtoto. Nilimwambia jikoni, tunaosha vyombo. Akasimama na sahani mkononi. "Kumbe ndio maana ya vile vikaratasi," akasema, akaendelea kuosha.

Alhamisi, 13 Machi

Daku. Sikuwasha taa, nimekula kwa mwanga wa barabarani unaopenya kwenye pazia. Bakuli langu jekundu lilikuwa jeusi tii, na kikombe cha bluu kando yake kinang'aa kuliko bakuli, ilhali mchana ni kinyume. Gizani zile seli tatu zinalala, inafanya kazi aina nyingine isiyojua rangi, na hiyo nyekundu haiipati kabisa. Mcheki Purkinje aliliandika jambo hili kama miaka 200 iliyopita. Kwa hiyo kuna saa katika kila usiku ambapo watu wote, rubani na asiye rubani, wanaona kwa kiwango kimoja.

Kuna swali la zamani la John Locke, Mwingereza, kwenye kitabu chake cha 1690: itakuwaje kama kile anachokiona mtu mmoja akitazama ua la zambarau ndicho anachokiona mwenzake akitazama ua la manjano, na kinyume chake? Wote wawili wamefundishwa majina yaleyale, kwa hiyo hawatagundua kamwe. Wasomi wamelitafuna swali hili zaidi ya miaka 300.

Mtu wa kaunta ana pingamizi. Rangi hazijapangwa kwa usawa kiasi hicho. Manjano ikikolea kabisa, ikiwa kali kuliko zote, bado ni rangi ya mwanga. Bluu na zambarau zikikolea zinakwenda gizani. Hakuna manjano ya giza. Ukiitia nyeusi inageuka kuwa rangi nyingine, inakuwa kama matope ya mpunga. Basi yule aliyepinduliwa wa Locke angeniambia kwamba manjano kali kuliko zote dukani ni ya giza, na tungemgundua kabla ya saa sita mchana. Mapinduzi makubwa hayawezi kujificha. Tofauti ndogo ndizo zinazojificha, na nadhani hizo ndizo za kutafuta.

Jumapili, 16 Machi

Nimemchukua kijana mpaka Dupont Circle, jumba la Phillips, lililofunguliwa mwaka 1921. Kuna chumba kidogo pale chenye picha 4 za Mark Rothko na benchi moja katikati. Kipo tangu 1960. Mwanga ni mdogo, na picha hazina mtu, hazina mti, hazina nyumba. Ni mapande ya rangi yaliyolaliana. Nilikuwa na sababu ya kumpeleka huko: moja ni ya mwaka 1956, kijani juu, rangi ya chungwa chini, yote juu ya nyekundu. Ukitaka kumtesa mtu wa aina yake huwezi kuchagua picha nyingine.

Hakuteseka. Alikaa kwenye benchi kuliko nilivyokaa mimi, ambaye macho yangu eti ni kamili. Nikamwuliza kama anauona mpaka wa lile pande la juu. Akasimama akaufuata kwa kidole hewani bila kukosea popote, mpaka mlinzi akamwomba arudi nyuma hatua moja. Bila shaka: kijani ile ni nzito, nyekundu ni nyepesi kuliko hiyo, na wepesi na uzito anavijua vizuri kuliko sisi kwa kuwa ndivyo anavyoviishi. Kisha akanikaribia sikioni.

"Mjomba, ile ya juu ni kahawia?"

Nikamwambia bango la ukutani linasema kijani.

"Basi aliyeweka bango amenisaidia," akasema, akarudi kukaa.

Tulipanda laini Nyekundu kumrudisha Rockville. Treni ilipita Van Ness. Hapo juu, Connecticut Avenue, ndipo ilipokuwa Ofisi ya Taifa ya Vipimo kabla ya kuhamia Gaithersburg mwaka 1966. Humo Deane Judd alifanya kazi ya rangi zaidi ya miaka 40. Mwaka 1931 tume ya kimataifa ya mwanga ilikaa Cambridge ikakubaliana juu ya mtu wa mfano, jicho la wastani ambalo rangi zote za dunia zitapimwa kwalo. Judd ndiye aliyewafafanulia Wamarekani mwaka 1933 namna ya kulitumia. Jicho hilo halikutoka mbinguni. Lilitokana na watu 17 waliopimwa Uingereza: 10 wa William David Wright na 7 wa John Guild. Baadaye, 1964, kikaongezwa kipimo cha pili chenye watu wengi zaidi na uwanja mpana wa kutazama. Mashine yangu ya dukani, kama zote, inatumia kimoja kati ya hivyo.

Nimeipenda habari hii na imeniudhi pia. Mama wa Wheaton aliposhindana na mashine, hakuwa anashindana na ukweli, alikuwa anashindana na wastani wa watu waliokaa gizani maabara wakizungusha vitufe. Ni wastani mzuri, sina ugomvi nao. Bila huo kopo la leo na la mwakani yasingefanana. Ila wastani si mtu. Hakuna aliyezaliwa nao machoni.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepata jibu la kesi ya tone la Machi mosi, au nusu yake. Jeremy Nathans, ambaye yupo Johns Hopkins, Baltimore, mwendo wa saa moja kutoka hapa, ndiye aliyezitambua jeni za seli za rangi mwaka 1986 alipokuwa bado Stanford, na sehemu ya kazi aliifanya kwa kutumia chembe za mwili wake mwenyewe. Mwaka 1992 yeye na Shannath Merbs wakaonyesha kwamba hata kwa watu wanaoitwa wazima, jeni ya nyekundu inapatikana katika sura mbili zilizo za kawaida, zinazotofautiana kwenye nafasi moja tu ya protini, nafasi ya 180. Tofauti hiyo ndogo inausogeza mwanga ambao seli inaupenda kwa nanomita chache.

Lord Rayleigh aliishajua mwaka 1881, bila jeni wala nini: ukimpa mtu mwanga mwekundu na wa kijani auchanganye mpaka ufanane na manjano, watu hawatoi kipimo kimoja. Wapo waliokuwa mbali kabisa na wenzao, na hata miongoni mwa waliobaki kila mmoja ana chake.

Kwa hiyo mimi na mwenzangu wa El Salvador tunaweza kuwa wazima wote wawili, tumepita mitihani yote, na tone moja likawa ukijani kwake na kwangu likalingana kabisa. Ongeza umri: lenzi ya jicho hupata umanjano kadiri mtu anavyozeeka, na mwenzangu amenizidi miaka mingi. Ile "jicho halipaswi kuiona" niifute.

Lakini nusu ya pili haina jibu, na siamini mashine italileta. Kinachopimika ni kulingana: hiki na hiki kwako ni kimoja au ni viwili? Hapo tunaweza kumkamata mtu. Namna nyekundu inavyokaa ndani yake, ule moto wake, hakuna chombo kinachoufikia. Kijana alisema kweli yote kwa sentensi moja pale kwenye futari.

Ijumaa, 28 Machi

Micheri imefikia kilele leo, wametangaza. Nimepita Tidal Basin baada ya swala. Miti ilitoka Tokyo mwaka 1912, 3,020 kwa hesabu ya zawadi, na mingi inayolizunguka bwawa ni ya aina ya Yoshino. Nyeupe au waridi? Nilisikia watu wakibishana kwa lugha nne. Chipukizi ni waridi, ua likifunguka linakuwa karibu jeupe, na jioni jua linalipaka upya. Wahifadhi wa mbuga wamejiepusha na ubishi wote: kilele kwao ni siku asilimia 70 ya maua ya Yoshino yamefunguka. Wanahesabu. Watu wenye akili.

Jumapili, 30 Machi

Idi. Dada kavaa dera ambalo yeye analiita zumaridi na mimi naona ni kijani cha kawaida. Nikamwambia jambo lililompa kiburi mpaka jioni. Mwanamke aliyebeba jeni kama yake anaweza kuwa na aina 4 za seli za rangi badala ya 3, kwa kuwa X zake mbili hazifanani. Gabriele Jordan na wenzake wa Newcastle waliwapima wanawake 24 wa namna hiyo, wakachapisha matokeo mwaka 2010: mmoja tu alitofautisha rangi ambazo kwa watu wa seli tatu ni kitu kimoja.

"Ndiye mimi," dada akasema kabla sijamaliza.

Nikamwambia ni mmoja katika 24.

"Nimekusikia. Ndiye mimi. Miaka yote nawaambia hii si kijani, mnanicheka."

Shemeji akasema sasa amekwisha. Zamani alikuwa anabishana na mke, kuanzia leo atabishana na sayansi. Tumecheka. Lakini nimemtazama dada akichagua vitenge vya wageni, anavyotenga vile ambavyo kwangu ni pea, na sitaki kuweka dau dhidi yake.

Jumamosi, 12 Aprili

Kijana amerudia kipimo, safari hii kwa programu nyingine kati ya tatu zinazokubaliwa. Ameanguka tena, kwa kiasi kilekile. Cheti atapata, kikiwa na sharti: kuruka mchana tu. Nilidhani atanuna. Amesema babu alishona maisha yake yote na hakuna aliyelalamika.

Mimi nimelalamika kwa niaba yake, humu daftarini. Zimeundwa ramani, chati, taa za chaja, vifuniko vya dawa, vyote kwa yule mtu wa 1931 ambaye hayupo. Na dawa yake si ghali. Shirika la treni la hapa limeandika RD ndani ya duara jekundu, GR ndani ya la kijani, na vilevile kwenye skrini za jukwaani. Kijana amezunguka mji huu tangu yuko mdogo bila kupotea Fort Totten, zinapopishana nyekundu na kijani. Mama yangu alilijua hilo na penseli yake, hakuhitaji kamati. Anayechora chati kwa rangi peke yake ananyima watu habari, na mwalimu anayesahihisha kwa kalamu nyekundu akasema "angalieni palipo pekundu" naye yumo.

Jana nimeanza na kaunta yetu. Kila chupa ya rangi ya kuchanganyia sasa ina herufi kubwa nyeusi ubavuni. Mwenzangu aliuliza kuna nini, nikamweleza. Akachukua kalamu akamalizia rafu ya chini. Meneja hajaona, akiona tutazungumza.

Somo la kwanza la ndege ni Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, College Park, uwanja ambao Wilbur Wright aliwafundishia maofisa wa jeshi mwaka 1909. Dada amesema asiambiwe chochote mpaka mtoto awe ametua.